Pikapu na Karavani: Kupima Uzito kwa Barabara za Kwale

Uwezo wa pikapu kuvuta karavani hauamuliwi na injini peke yake. Huamuliwa na mambo manne kwa pamoja: uzito ambao gari lenyewe linaruhusiwa kubeba, uzito wa gari na tela vikijumlishwa, uzito unaokandamiza chuma cha kuvutia, na breki. Injini yenye nguvu huweza kuling'oa tela mahali liliposimama hata likiwa zito kupita kiasi. Kinachoshindwa ni springi, ekseli, tairi na breki, na kwa kawaida hushindwa safarini, mbali na fundi. Tarakimu moja inayotajwa na wauzaji, kilo 3,500, ni mwanzo tu wa hesabu.

Karavani hufika Kwale kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kutoka Nairobi, karibu kilomita 480 hadi Mombasa, gari likishuka kutoka mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari mpaka pwani. Ya pili ni kutoka kusini. Wasafiri wanaoikata Afrika kwa magari yao, wengine wakitokea Afrika Kusini, hupitia Tanga, huvuka mpaka Horohoro na Lunga Lunga, kisha hufuata barabara ya Msambweni na Ukunda hadi kambi za Tiwi, ambako Twiga Lodge imekuwa kituo chao kwa miaka mingi. Njia zote mbili zina lami nzuri, lakini mwisho wake ni uleule: vijia vya mchanga na mawe ya matumbawe, joto, chumvi ya bahari, na matuta ya barabarani kila penye soko au shule.

Pikapu nzito za Kimarekani kama Ford F-350 au Ram 3500, zinazovuta nyumba za magurudumu za tani sita na zaidi, hazimhusu mkazi wa Kenya. Usukani wake huwa kushoto, na sheria ya Kenya hairuhusu gari la namna hiyo kusajiliwa kwa matumizi ya kawaida. Zinazovuta matela pwani ni Toyota Hilux, Isuzu D-Max inayounganishwa Nairobi, Ford Ranger, na Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo kwa Wakenya wengi ndiyo pikapu ya kazi nzito. Vizazi vya karibuni vya magari haya hutangazwa katika masoko kadhaa kuwa vinavuta hadi kilo 3,500 za tela lenye breki zake, na kilo 750 tu za tela lisilo na breki. Gari la mwaka wa nyuma, au lililotengenezwa kwa soko jingine, linaweza kuwa na uwezo mdogo zaidi ingawa jina ni lilelile. Kinachotegemewa ni kibati kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, pamoja na kitabu cha gari hilohilo. Maneno ya jirani mwenye gari la aina hiyo hayatoshi.

Kwenye kibati na kitabu hutafutwa namba nne. Ya kwanza ni uzito wa juu wa gari, yaani gari lenyewe, mafuta, watu, mizigo na uzito wa tela unaolilalia, vyote kwa pamoja. Ya pili ni uzito wa juu wa msafara, yaani gari na tela vikiwa vimepakiwa. Ya tatu ni uzito wa juu wa kila ekseli, na ya nyuma ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Ya nne ni uzito ambao chuma cha kuvutia kinaweza kustahimili kikikandamizwa kutoka juu. Huu hapa utaitwa uzito wa shingo, kwa sababu unatoka kwenye shingo ya tela. Kwa upande wa karavani huhitajika namba mbili: uzito wake ikiwa tupu na uzito wake wa juu unaoruhusiwa. Muuzaji hupenda kutaja ule wa tupu. Wa kufanyia hesabu ni ule wa juu, maana karavani haisafiri tupu.

Mfano ufuatao ni wa pikapu ya kabini mbili yenye namba zinazokaribiana na za magari mengi ya aina hii. Ikiwa tupu, tangi likiwa limejaa, ina kilo 2,100. Uzito wake wa juu ni kilo 3,050. Uzito wa juu wa msafara ni kilo 5,850, na uwezo wa kuvuta uliotangazwa ni kilo 3,500. Basi inaruhusiwa kubeba kilo 950. Familia ya watu watano, wazazi na watoto watatu wakubwa, huchukua kilo 340. Kifuniko cha kasha la nyuma kilo 70, bampa la chuma la mbele kilo 50, chuma cha kuvutia kilo 30. Sanduku la barafu lenye vinywaji kilo 60. Mabegi, zana, jeki na spea ya pili kilo 150. Jumla ni kilo 700, na hakuna kilichozidishwa humo. Zinabaki kilo 250 kwa ajili ya shingo ya tela.

Karavani ya ekseli moja au mbili iliyopakiwa vizuri huweka shingoni karibu asilimia 10 ya uzito wake. Kilo 250 ni asilimia 10 ya kilo 2,500, na hapo ndipo pikapu hii inapofika ikiwa na familia hiyo ndani. Namba ya msafara nayo ina lake la kusema: 5,850 ukitoa 2,800, yaani gari na kilo zake 700, zinabaki 3,050. Kwa hiyo gari lililotangazwa kuvuta kilo 3,500 linaruhusiwa na msafara kuvuta 3,050, na linaruhusiwa na mwili wake kuvuta 2,500. Namba ndogo kuliko zote ndiyo inayotawala. Anayetaka kufikia 3,500 kwa gari hili hana budi kusafiri na pikapu isiyozidi kilo 2,350, yaani kilo 250 tu kwa dereva na kila kitu kingine. Na bado shingo ya tela la kilo 3,500 ingekandamiza gari kwa kilo 350, kwa hiyo ingelazimu hesabu ipitiwe upya tangu mwanzo.

Watengenezaji hawadanganyi wanapotoa namba zao. Wanapima kwa masharti yao. Kipimo cha Marekani kiitwacho SAE J2807, kilichotolewa mwaka 2008, huchukulia kwamba ndani ya pikapu yumo dereva na abiria mmoja tu, kila mmoja akiwa na kilo 68 hivi. Sehemu yake ngumu huigwa kutoka mlima wa Davis Dam, Arizona, wenye mwinuko mrefu unaopandwa wakati wa joto kali huku kiyoyozi kikiwashwa. Ni kipimo cha haki, na kilileta nidhamu mahali ambapo kila kampuni ilikuwa ikijitungia kipimo chake. Hata hivyo, hakikupima familia ya watu watano na sanduku la barafu.

Jambo linalopuuzwa zaidi, na ambalo huvunja magari zaidi, ni ekseli ya nyuma. Tufe la chuma linalobeba shingo ya tela haliko juu ya ekseli hiyo. Liko nyuma yake kwa mita moja na robo hivi. Umbali huo huufanya uzito wa shingo kuwa nyenzo. Kwa pikapu yenye mita 3.1 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na tufe likiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli, kilo 250 za shingo huwa kilo 347 kwenye ekseli ya nyuma. Kilo 97 zilizoongezeka hunyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele. Ndiyo maana pikapu iliyozidiwa huonekana imeinua pua. Taa zake huwamulika machoni wanaokuja mbele, usukani wake huwa mwepesi kupita kawaida, na breki zake za mbele, ambazo ndizo hufanya kazi kubwa ya kusimamisha gari, hupungukiwa na mshiko.

Kwa ubaya wa hesabu, mizigo ya kasha la nyuma nayo huangukia ekseli hiyohiyo. Pikapu inaweza kuwa ndani ya uzito wake wa juu na wakati huohuo imevuka uzito wa ekseli ya nyuma. Dawa inayopendwa gereji ni kuongeza majani ya springi au kuweka mifuko ya upepo. Mkia huinuka na gari hupendeza macho, lakini ekseli, beringi, chesisi na tairi hubaki zilezile, na namba ya kwenye kibati haibadiliki hata kwa kilo moja. Zipo pikapu za kabini mbili zilizopinda chesisi nyuma ya kabini kwa sababu hii: springi ngumu, mzigo mzito nyuma, na tuta lililorukwa kwa kasi. Dawa ya kweli ni kupunguza mzigo au kuusogeza mbele, karibu na kabini.

Mizigo ya karavani yenyewe ina sheria yake. Vitu vizito huwekwa sakafuni juu ya ekseli ya tela, vyepesi juu na mwishoni. Maji ni kilo moja kwa kila lita, hivyo tangi la lita 100 lililojazwa Nairobi ni kilo 100 zinazoburutwa hadi Diani, mahali ambapo maji yanapatikana. Ni busara kusafiri na lita chache za njiani na kujaza ukifika. Mtungi wa gesi wa kilo 13 una kilo 13 za gesi tu. Chuma chake ni uzito mwingine juu ya huo. Anayeweka jenereta, baiskeli na spea nyuma kabisa ya karavani huipunguzia shingo uzito, na tela lenye shingo nyepesi huyumba. Kuyumba huku huanza taratibu, mara nyingi lori linapolipita kwa kasi au tela linapoteremka, kisha kila mwendo huzidi uliotangulia. Dereva hapaswi kukanyaga mafuta ili alinyooshe, wala kupambana na usukani. Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani ukiwa umenyooka, na kama tela lina breki za umeme zenye swichi mkononi, azibonyeze hizo peke yake.

Uzito wa shingo hupimwa nyumbani bila gharama. Mizani ya bafuni huishia kilo 150 hivi, kwa hiyo hutumiwa ubao. Ncha moja ya ubao hulazwa juu ya tofali, nyingine juu ya mizani, umbali wa sentimita 90 kati ya sehemu mbili zinazoegemea. Mizani hurudishwa sifuri ubao ukiwa juu yake. Shingo ya karavani iliyopakiwa tayari kwa safari hushushwa kwenye ubao, sentimita 30 kutoka kwenye tofali, tela likiwa limelala sawa na magurudumu yake yamewekewa kabari. Namba inayosomwa huzidishwa kwa tatu. Mizani ikionyesha 70, shingo ina kilo 210. Kipimo hiki kina thamani kuliko makadirio yote, na kinafaa kurudiwa kila upakiaji unapobadilika. Uzito mzima hupimwa kwenye mizani ya malori ya kiwanda au machimbo ya mawe: kwanza gari na tela pamoja, kisha ekseli ya nyuma ya gari peke yake, kisha tela.

Chuma cha kuvutia chenyewe ndicho mahali pa kutofanyia uchumi. Tufe la kawaida lina kipenyo cha milimita 50. Tela la Kimarekani huweza kuhitaji tufe kubwa zaidi, na kichwa cha tela kikikaa juu ya tufe dogo huweza kuchomoka kwenye tuta. Chuma kilichotengenezwa kiwandani huwa na kibati chenye namba mbili: S, ambayo ni kilo za shingo, na D, inayopimwa kwa kilonyutoni na kueleza nguvu ya mvutano kati ya gari na tela. Kwa pikapu ya tani 3.05 na karavani ya tani 2.5, huzidishwa 3.05 kwa 2.5, hugawanywa kwa jumla yake 5.55, kisha huzidishwa kwa 9.81, jibu ni kama 13.5. Chuma chenye D iliyo chini ya hapo hakifai. Mafundi wa jua kali wa Ukunda na Likoni wanajua kuchomelea, lakini chuma kilichochomelewa kwenye bamba la nyuma badala ya kufungwa kwa bolti kwenye mihimili ya chesisi hakina namba yoyote ya kutegemewa. Minyororo miwili ya usalama, iliyopishana chini ya shingo, huzuia pua ya tela kuchimba lami kiungo kikiachia.

Karavani yoyote inayozidi kilo 750 iwe na breki zake. Nyingi za Ulaya na Afrika Kusini zina breki za kusukumana: gari likipunguza mwendo, tela hulisukuma, na msukumo huo ndio unaokaza breki zake. Hufanya kazi vizuri tambarare. Kwenye mteremko mrefu tela husukuma wakati wote, kwa hiyo breki zake hushikilia wakati wote, na hupata moto. Barabara inayopanda kutoka Kombani hadi mji wa Kwale, ambao uko mita 400 hivi juu ya bahari kwenye mgongo wa Shimba Hills, ni mahali pazuri pa kuelewa jambo hili wakati wa kurudi chini. Gia hupunguzwa juu kabla mteremko haujaanza, injini ndiyo izuie kasi, na breki hukanyagwa kwa nguvu kwa muda mfupi kisha kuachiwa zipoe. Kukanyaga kidogo mfululizo ndiko kunakozichoma.

Upande wa kupanda, aina ya injini ina uzito wake. Land Cruiser nyingi za Kenya zina injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, isiyo na tabo. Ni injini ngumu na inapendwa kwa haki. Lakini injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kwenda juu, kwa kuwa hewa inapungua. Katika safari ya kurudi Nairobi hupanda ikizidi kudhoofika, na inafika mwisho wa mlima ikiwa imepungukiwa na asilimia 17 hivi ya nguvu iliyokuwa nayo Diani. Dizeli mpya yenye tabo haipati hasara kubwa hivyo, ingawa rejeta na mafuta ya giaboksi vyake huchemka upesi zaidi vikifanyiwa kazi nzito. Kwa 1HZ, karavani ya kilo 1,500 ni mwenzi mzuri. Ya kilo 2,500 itafika, lakini foleni nyuma yake itakuwa ndefu.

Tairi husomwa ubavuni. Namba ya mzigo 104 ina maana ya kilo 900 kwa tairi moja, 112 ina maana ya kilo 1,120, zikiwa na upepo kamili. Tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Karavani hukaa miezi mingi juani bila kusogea, na tairi zake huzeeka zikiwa na meno yote, kwa hiyo unene wa meno haumwambii mtu chochote.

Kwa muda mrefu feri ya Likoni ndiyo iliyokuwa njia pekee ya haraka kutoka Mombasa kwenda kusini. Sasa barabara ya Dongo Kundu, inayopita madaraja ya Mwache na Mteza na kutokea Kibundani, humwezesha mwenye tela kutokea Miritini bila kuingia kisiwani, na ndiyo inayofaa. Atakayelazimika kupanda feri achague maji yakiwa yamejaa. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, ngazi ya feri huinama sana, na shingo ya tela au mkia wa karavani ndefu hukwaruza chini. Kwenye vijia vya mchanga vya Tiwi na Msambweni, upepo wa tairi hupunguzwa kwa gari na tela pia, kisha hurudishwa kabla ya kushika lami.

Hesabu hizi za uzito zinafaa vilevile kwa mashua za Shimoni na Diani zinazovutwa kwa tela, kwa nyongeza moja. Beringi za tela zilizopata moto barabarani zikizamishwa mara moja baharini hunyonya maji ya chumvi ndani. Tela lisubiri zipoe, na baada ya kazi lioshwe kwa maji baridi.

Tela nchini Kenya husajiliwa peke yake na hupewa namba zinazoanza na herufi Z. Mkataba wa bima nao usomwe kuona kama unataja tela na unasema nini juu ya uzito uliozidi. Anayeagiza karavani kutoka nje atafute ya Uingereza kwanza: mlango wake uko kushoto, upande wa kando ya barabara hapa kwetu, ilhali za bara la Ulaya kwa kawaida hufunguka kulia, upande magari yanakopita.

Kwa familia ya watu watano yenye pikapu ya kabini mbili na safari ya Diani mara chache kwa mwaka, karavani ya kununua ni ile ambayo uzito wake wa juu, si wa tupu, hauzidi kilo 2,000. Inaacha nafasi ya makosa ya kupakia, inapanda kurudi bara bila kuichosha injini, na inasimama pale breki zinapokanyagwa.